Tiba ya Usemi: Ukali, Mkazo au Wingi?

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa maandishi ya tiba ni ile ya kiasi cha mazoezi apewayo mgonjwa mwenye afasia, yaani aliyepotewa na lugha baada ya kiharusi. Yamkini mfasiri ataandika "tiba kali" au "tiba yenye mkazo". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwa nini maneno hayo hayafai.

Katika Kiswahili, dawa kali huchoma au huchosha mwili. Mkulima wa pamba wa Bariadi aambiwapo kwamba mzazi wake anahitaji "tiba kali" huenda akamwonea huruma, akambakiza nyumbani. Neno "mkazo" nalo limekwisha kupewa kazi katika isimu: ni nguvu ya sauti itiwayo kwenye silabi. Kwa tiba ishughulikiayo matamshi pia, kulitwisha maana ya pili ni kuleta utata.

Dhana yenyewe ina sehemu tatu: jumla ya saa zote za tiba, saa kwa wiki, na siku kwa wiki. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, uliokusanya takwimu za wagonjwa 959 kutoka majaribio 25, ulionyesha kwamba nafuu kubwa zaidi ya lugha kwa jumla iliambatana na saa 20 hadi 50. Kwa saa 20 au pungufu, au siku 3 au pungufu kwa wiki, haukupatikana ushahidi wa nafuu katika kuelewa yasemwayo. Mazoezi ya nyumbani yaliyoagizwa na mtaalamu nayo yaliambatana na nafuu kubwa.

Basi agizo lisemalo "tiba nyingi" halitoshi. Saa tatu kwa siku moja si sawa na saa moja moja kwa siku tatu. Na kwa mkazi wa Meatu au Itilima afuataye tiba Bariadi, tofauti hiyo ni nauli ya safari mbili zaidi kila wiki. Wala wingi hauna faida tupu: mapitio ya mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliopewa saa nyingi kwa wiki waliacha tiba kwa idadi kubwa zaidi.

Kwa hiyo twapendekeza "jumla ya tiba" kwa saa zote, "wingi wa tiba" kwa saa za wiki, na "marudio ya tiba" kwa siku za wiki. Kila moja iandikwe pamoja na tarakimu yake. Na pale mgonjwa azungumzapo Kisukuma nyumbani, agizo la mazoezi lielezwe pia kwa lugha hiyo, kwani jamaa zake ndio watakaolitekeleza.