USHONAJI KWA ODA MTANDAONI: BIASHARA INAYOWEZA KUSAIDIA JAMII



Ndugu msomaji, kila mwaka mabinti na vijana wengi humaliza mafunzo ya cherehani katika mitaa yetu. Wanajua kukata, kushona na kudarizi. Lakini baada ya miezi michache utakuta cherehani imefunikwa shuka pembeni mwa chumba, na mwenyewe anasubiri wateja wa mtaani ambao huja mara mbili tu kwa mwaka: Idd inapokaribia na shule zinapofunguliwa. Ufundi upo, soko ndilo lililo mbali. Makala hii inaeleza namna kikundi kidogo kinavyoweza kulifikia soko hilo kwa simu na intaneti, na namna faida yake inavyoweza kuwafikia wahitaji bila kuiua biashara yenyewe.

NI BIASHARA YA NAMNA GANI?

Katika duka la nguo za tayari, nguo hushonwa kwanza kisha hutafutiwa mtu wa kuivaa. Katika ushonaji wa oda, mteja huja kwanza. Huchagua kitambaa na mtindo, hutoa vipimo vyake, hulipa, kisha ndipo mkasi unapogusa kitambaa. Faida yake ni kwamba hakuna mali inayolala kabatini. Hatari yake ni kwamba nguo ikikosewa kipimo, hakuna mtu mwingine wa kuinunua.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 2007 vijana wawili waliokuwa wanafunzi wa chuo kikuu huko Kanada, Heikal Gani na Kyle Vucko, walianzisha kampuni ya Indochino. Mteja alijipima nyumbani, akaandika vipimo kwenye tovuti, na suti yake ikashonwa China. Baada ya miaka michache kampuni hiyo ilianza kufungua maduka ya kupimia watu ana kwa ana. Hapo pana somo: katika biashara hii ugumu mkubwa uko kwenye futi kamba.

Kwetu Afrika Mashariki njia ilifunguka zaidi M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Tangu hapo mtu wa Tabora anaweza kumlipa fundi wa Tanga bila kupanda basi.

VIPIMO: MOYO WA KAZI

Mteja wa mtandaoni humwoni, kwa hiyo mfundishe kujipima. Kwa kanzu, mwombe vipimo vifuatavyo:

1. Urefu, kutoka begani karibu na shingo mpaka kwenye kifundo cha mguu.
2. Upana wa mabega, kwa nyuma, kutoka ncha hadi ncha.
3. Urefu wa mkono, kutoka ncha ya bega hadi kifundo cha mkono.
4. Mzunguko wa kifua, wa tumbo na wa shingo.

Kisha mwombe kitu cha tano, ambacho ndicho kinga yako: achukue kanzu anayoivaa na kuipenda, ailaze mezani, aipime, na aipige picha futi kamba ikiwa juu yake. Vipimo vya mwili na vya nguo visipokubaliana, uliza kabla ya kukata.

Muulize pia kama anapima kwa inchi au sentimita. Inchi 56 ni sentimita 142. Akikuandikia "56" peke yake kwa urefu wa kanzu utatambua ni inchi, lakini "40" ya kifua inaweza kuwa kipimo cha mtu mzima kwa inchi, au upana wa upande mmoja wa nguo kwa sentimita. Na kitambaa cha pamba kirowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, maana kikija kuruka baada ya kufuliwa, lawama itakuwa yako.

Vipimo na picha za mteja ni amana. Vipimo vya wanawake vishughulikiwe na wanawake, na visizagae katika simu ya kila mtu.

BEI ISIYODANGANYA

Vikundi vingi hufa kwa sababu havikupiga hesabu. Tuchukue mfano wa kanzu moja (bei hizi ni za mfano tu):

Kitambaa: sh. 18,000
Uzi, vifungo na gundi ya kola: sh. 2,000
Ujira wa mshonaji: sh. 12,000
Umeme na mafuta ya cherehani: sh. 1,000
Mfuko na usafirishaji: sh. 5,000
Jumla ya gharama: sh. 38,000

Kanzu ikiuzwa sh. 45,000, ziada ni sh. 7,000. Tazama kwamba ujira wa mshonaji umewekwa ndani ya gharama. Kosa la kawaida ni kumwambia mshonaji asubiri faida. Biashara inayosema inasaidia wajane huku mjane aliyeshona hajalipwa, imeanza kwa kudhulumu.

KUSAIDIA JAMII KWA NAMNA GANI?

Neno "kusaidia jamii" likiachwa bila mipaka huwa ni tangazo tu. Lifanyeni ahadi moja inayohesabika. Kwa mfano: katika kila kanzu, sh. 2,500 zinakwenda kwenye sare za shule za mayatima, na sh. 4,500 zinabaki kwa matengenezo na mtaji. Ikiwa sare moja inagharimu sh. 20,000, basi kila kanzu 8 zinamvisha mtoto mmoja. Mteja anaelewa, mshonaji anaelewa, na mwisho wa mwezi kila mtu anaweza kuhesabu.

Lakini tujifunze kwa waliotangulia. Kampuni ya viatu ya TOMS ilianza mwaka 2006 Marekani kwa ahadi kwamba kila jozi inayouzwa, jozi nyingine hupewa mtoto mhitaji. Ilisifiwa sana. Baadaye wakosoaji waliuliza: viatu vya bure vikimwagwa kijijini, fundi na muuza viatu wa pale atakula nini? Mwaka 2021 kampuni iliachana na mpango wa jozi kwa jozi na kuelekeza theluthi moja ya faida yake katika misaada. Kwa hiyo sare za mayatima zishonwe na washonaji wa mtaa wanaoishi mayatima hao. Hapo fedha moja imefanya kazi mbili.

MKATABA NA FIQHI YAKE

Wanafunzi wetu wanaosoma muamalati watakumbuka tofauti hizi. Mteja akileta kitambaa chake, unamuuzia kazi ya mikono yako, na hiyo ni ijara. Akiagiza kanzu kwa kitambaa chako, amenunua kitu ambacho bado hakijakuwepo. Wanazuoni wa Kihanafi wameijuzisha biashara hiyo kwa jina la istisnaa. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, oda ya namna hiyo hurejeshwa kwenye masharti ya salam: bei yote ilipwe mkataba unapofungwa, sifa za kitu zielezwe, na muda ujulikane. Na kuhusu arubuni inayopotea mteja akijitoa, wanazuoni wamekhitilafiana. Basi kabla ya kuandika masharti ya duka lenu, nendeni kwa mwalimu wenu mkaulize.

AHADI YA SIKU

Watu wamezoea kusikia kwa fundi: "Njoo kesho." Mtandaoni neno hilo huua biashara, kwa kuwa mteja asiyekuona hudhani umemtapeli. Dawa yake ni hesabu. Ikiwa mpo washonaji 4, na kila mmoja hushona kanzu 6 kwa wiki bila kukimbizana, uwezo wenu ni kanzu 24. Pokeeni oda 20. Nafasi 4 ni za marekebisho, homa na umeme kukatika. Kwa Idd, tangazeni mapema tarehe ya kufunga oda, na ikifika mfunge kweli.

TUANZIE WAPI?

Msikimbilie tovuti ya gharama. Simu moja ya kikundi yenye WhatsApp inatosha kwa kuanzia. Pigeni picha za kazi zenu wenyewe kwenye mwanga wa asubuhi. Msiazime picha za watu. Kila oda iwe na namba na karatasi yake, na nguo ipigwe picha kabla haijapelekwa stendi au bandarini. Anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika daftari, na hesabu isomwe mbele ya wanakikundi wote kila mwezi. Kazi ikikua, shughulikieni namba ya mlipakodi na leseni ya biashara.

Anzeni kwa kushona kanzu 10 za ndugu na majirani, lakini kwa vipimo vya kuandikiwa tu, bila kumgusa mtu. Hesabuni ngapi zimekaa sawa. Zikikaa 9, mko tayari kumpokea mgeni. Zikikaa 5, rudini kwenye futi kamba, kwani ni nafuu kukosea kwa jirani kuliko kwa mtu aliyetuma fedha zake kutoka mbali akikuaminini.

Wabillahi tawfiq.