Kidonda cha Kisukari: Dawa ya Kupaka Peke Yake Haitoshi

Hapa Bulyaga baridi ya Juni na Julai hutufanya sote tusogeze miguu motoni. Mama mmoja tuliyemtembelea na wenzetu wa kanisani alifanya hivyo. Kisukari kilikuwa kimemtia ganzi nyayoni, hivyo hakusikia alipoungua. Asubuhi aliona lengelenge karibu na kidole, akanyamaza asimsumbue mumewe. Alivaa soksi, akaendelea kwenda kuchuma chai.

Tulipofika, kidonda kilikuwa na majuma matano. Kando ya kitanda palikuwa na kichupa cha dawa ya kupaka. Muuzaji alimwambia kwamba ingeamsha kinga ya mwili, kidonda kifunge chenyewe.

Je, huo ni uongo mtupu? Hapana, una chembe ya ukweli, na hapo ndipo penye hatari.

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Kidondani hula vijidudu na mabaki ya nyama iliyokufa, kisha huita chembe nyingine zijenge nyama mpya. Sukari ikizidi, askari hao hulegea. Ndiyo maana watafiti wamejaribu kuwaamsha kwa jeli yenye glukani itokanayo na hamira. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha becaplermin, jeli yenye kichocheo cha kukuza nyama mpya. Lakini iliwekewa masharti: mguu uwe unapata damu ya kutosha, na kidonda kiendelee kutunzwa ipasavyo. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa mwaka 2023 haushauri kutegemea jeli za vichocheo hivyo, wala asali, kuponya vidonda hivi.

Kwa nini? Askari ataamkaje ashinde, ikiwa kila siku tunakikanyaga kidonda, nyama iliyokufa imebaki humo na sukari iko juu?

Hapa Tanzania, Dakta Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliendesha mradi wa Hatua kwa Hatua katika miaka ya 2000, wakiwafundisha madaktari na wauguzi utunzaji wa miguu hii. Mengi katika utunzaji huo hayahitaji dawa ya ghali:

1. Kidonda kisafishwe na mhudumu wa afya, nyama iliyokufa iondolewe.
2. Mguu upumzishwe, usikanyagiwe.
3. Sukari ishushwe kwa dawa na chakula.
4. Uvimbe, harufu mbaya, weusi au homa vikitokea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kila jioni tazama nyayo na katikati ya vidole. Usiende peku, na kagua ndani ya viatu kabla ya kuvaa. Usiote moto miguu yenye ganzi. Vaa soksi kavu.

Mama yule tulimpeleka hospitali. Alipoteza kidole kimoja, lakini mguu ulibaki. Mumewe alituambia, "Laiti angeniambia siku ile ya kwanza."

Mama mwenzetu, hospitali ya wilaya pale Makandana haiko mbali. Habari za kuoshana miguu tumezisikia tangu shule ya Jumapili. Basi leo jioni mwoshe mama mkwe au mume mwenye kisukari, na umtazame nyayo zake. Wewe unayeugua, usione aibu kuonyesha zako.