Uhandisi wa Magari Yanayojiendesha

Katika gari linalojiendesha, kompyuta hufanya kazi ya dereva. Wanafunzi wanaoanza uhandisi wa magari hayo chuo kikuu hujifunza kazi nne zinazotegemeana.

Ya kwanza ni kutambua mazingira. Kamera husoma rangi za taa na alama za barabarani, ila gizani huona kwa shida. Rada hupima umbali na mwendo wa vitu hata kwenye mvua na ukungu, lakini haioneshi umbo vizuri. Lida hutumia miale ya leza kuchora umbo hilo. Kwa kuwa kila kifaa kina upungufu wake, taarifa zao huunganishwa. Njia mojawapo ni kichujio cha Kalman, hesabu iliyochapishwa na Rudolf Kalman mwaka 1960, ambayo hukadiria ni kipimo kipi kiaminiwe zaidi.

Kazi ya pili ni gari kujua mahali lilipo. Setilaiti za GPS zinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kosa hilo linatosha kuliingiza gari upande usio wake. Hivyo vipimo vya GPS hulinganishwa na ramani na mzunguko wa magurudumu. Ya tatu ni kupanga njia: kukisia watumiaji wengine wa barabara wataelekea wapi, kisha kuchagua pa kupita. Ya nne ni kudhibiti usukani, breki na kasi, na kusahihisha tofauti ndogo mara nyingi kila sekunde.

Elimu hii ilipiga hatua haraka. Mwaka 2004, katika mashindano ya magari yanayojiendesha ya DARPA, wakala wa utafiti wa kijeshi wa Marekani, kwenye jangwa la Mojave, gari lililofika mbali zaidi halikumaliza hata kilomita 12. Mwaka uliofuata Stanley, gari la Chuo Kikuu cha Stanford, lilikamilisha kilomita 212 na kushinda dola milioni 2.

Hata hivyo, Machi 2018 gari la majaribio linalojiendesha la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku na baiskeli yake huko Tempe, Arizona. Uchunguzi ulibaini kwamba vifaa vilimnasa zaidi ya sekunde 5 kabla, lakini programu ilibadilisha mara kwa mara jibu lake kuhusu alichokuwa, ikashindwa kukisia anakoelekea. Msimamizi aliyekuwemo garini naye hakuwa akitazama barabara. Kwa hiyo haitoshi kila sehemu kufanya kazi peke yake. Mhandisi lazima apime usalama wa mfumo mzima, akiwemo binadamu anayeusimamia.