Jina ndilo linalouza doti

Mfanyabiashara anayeagiza kanga kwa kutazama rangi peke yake anaweza kukwamisha mtaji wake stoo. Kanga ina pindo, mji na jina, na mara nyingi jina ndilo linalomfanya mteja atoe fedha.

Mfano ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyefahamika kwa jina la Abdulla. Yeye ndiye anayetajwa kuwa alianza kutia maneno ya Kiswahili kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20. Chapa yake, "K.H.E. – Mali ya Abdulla", ilimtambulisha mwenye mali, methali nayo ilimpa mnunuzi neno la kumfikishia mwenzake. Kanga ya kumshukuru mama hununuliwa kuwa zawadi, na ya mafumbo humjibu jirani bila ugomvi.

Gharama ya kuchapa ni ile ile, jina liwe zuri au baya. Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo asikilize kwanza wateja wanasema nini sokoni, anunue doti chache za majina mbalimbali, kisha aongeze lile linalokwisha upesi.