Kozi Hii Huisomei Chuoni
Ukisikia kozi hapa Malindi, usifikirie diploma tu. Kozi ni ndege pia, mwindaji wa msituni, na Arabuko-Sokoke yupo. Miaka yote wanasayansi walimweka kwenye jenasi ya Accipiter, kundi kubwa la spishi karibu 50. Vipimo vya DNA vikaonyesha humo mmechanganywa ndege wasio ndugu wa karibu. Mwaka 2024 akahamishiwa Aerospiza.

Wewe nawe usimchanganye na mwewe, bana. Mwewe ana mkia wa panda, huzurura juu ya mji akivizia vifaranga. Kozi hujificha mitini. Asubuhi ndio hupaa juu, akilia kila baada ya sekunde chache. Kabla hujaokota jiwe, angalia mkia. Jenasi hubadilishwa, lakini msitu ukiisha atahamishiwa wapi?