Je, wajua? Umeme ukikatika, roboti ya nyasi husimama

Roboti ya kukata nyasi inayotumia waya haina macho. Waya huzungushwa uani na kuzunguka bustani ya maua, ukashikizwa kwa vigingi. Mkondo mdogo hupita humo kutoka kituo cha kuchajia; roboti ikiuhisi, inageuka. Ndiyo maana umeme ukikatika Morogoro mashine husimama, hata betri ikiwa imejaa.

Kituo hutaka sehemu tambarare, na kwa nyumba za Bigwa au Kilakala, chini ya Milima ya Uluguru, hapo ndipo penye kazi. Mteremko wenyewe hauzuii roboti zote: Husqvarna Automower 435X AWD, inayosukumwa na magurudumu yote manne, hupanda mteremko wa asilimia 70.

Masika nyasi zikifika magotini, litangulie fyekeo. Visu vya roboti ni vyembamba kama wembe. Kazi yake kupunguza ncha tu.