Giza la picha na giza la nakala mbovu

Jioni moja barazani kijana wa mtaani kwetu alinipa lawama. Alikuwa amenisikia nikizisifu sinema za zamani za Marekani, zile za nyeusi na nyeupe zenye wapelelezi, majambazi na wanawake wasioaminika, akaenda duka la muvi akajaziwa moja kwenye flashi. Inaitwa Detour, ya mwaka 1945. "Ami, nimetazama dakika ishirini nikazima," akaniambia. "Sikuona kitu. Giza tupu, na sauti kama mtu anakaanga samaki."

Sikubishana naye, maana nakala hiyo naijua. Nilikuwa nayo kwenye DVD niliyoinunua kwa bei ya chai na mahamri. Nyuso zilikuwa madoa meupe, usiku ulikuwa matope, na maneno mengine yalikatika katikati. Kwa miaka mingi niliamini sinema yenyewe ilipigwa hivyo. Siku niliyoona nakala safi ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimeihukumu kwa makosa ya watu wengine.

Chanzo cha balaa hili ni sheria. Wakati huo haki ya sinema nchini Marekani ilidumu miaka 28, kisha mwenyewe alitakiwa aandikishe upya apate 28 mingine. Kampuni kubwa zilikuwa na mawakili wa kukumbuka tarehe. Detour ilitengenezwa na PRC, kampuni ndogo ya sinema za bei rahisi, ambayo miaka 28 ilipotimia haikuwepo tena. Hakuna aliyeandikisha. Sinema ikawa mali ya umma, kama ilivyokuwa kwa D.O.A. ya 1950, Scarlet Street ya Fritz Lang na The Stranger ya Orson Welles.

Mali ya umma ni neno tamu, lakini hapa lina uchungu wake. Kila mtu ana ruhusa ya kuuza na hakuna mwenye sababu ya kutunza. Basi muuzaji huchukua mkanda mwembamba uliochakaa kwa kuonyeshwa kwenye televisheni, anaunakili. Mwingine ananakili ile nakala. Wa tatu anaibana iwe ndogo ienee kwenye flashi. Kila hatua inakula kitu. Ndiyo maana nikiona diski moja yenye sinema ishirini kwa bei ya moja, huirudisha mahali pake.

Tena sinema za aina hii ndizo zinazoumia zaidi. Wafaransa waliziita noir, yaani nyeusi, walipozipokea kwa wingi baada ya vita, mwaka 1946, na jina halikukosea: hadithi nzima imo ndani ya kivuli. Chukua Double Indemnity ya 1944, ya Billy Wilder. Wakala wa bima anashirikiana na mke wa mteja kumuua mume, halafu ionekane kwamba alianguka kutoka garimoshi, kwa sababu ajali ya namna hiyo inalipwa mara mbili. Mpiga picha, John F. Seitz, aliacha mwanga wa jua upenye kwenye mapazia ya vibao vya dirishani, ukamwangukia yule wakala kwa mistari. Hajatenda kosa bado na tayari amevaa nondo za jela. Sebuleni walipeperusha chembe laini za aluminiamu ili ule mwanga uonekane ukielea hewani, kama vumbi la nyumba iliyofungwa siku nyingi.

Sasa tia picha hiyo kwenye kanda ya VHS, tuliyoitia kwenye deki enzi zile. Kanda ile haikuweza hata nusu ya maelezo madogo yanayobebwa na DVD. Chembe zinapotea. Mistari inabaki, lakini kati ya nyeusi na nyeupe kuna rangi za kijivu nyingi mno, na kanda inazikusanya zote katika mbili tatu. Blu-ray, iliyoingia sokoni mwaka 2006, ndiyo kwanza ilituletea kijivu hicho nyumbani. Mimi naona sinema za rangi zinavumilia DVD, lakini hizi za kivuli hazivumilii.

Kuna waliodhani dawa ni kuzipaka rangi. Miaka ya 1980 tajiri Ted Turner alinunua hazina ya sinema za MGM, akaanza kuzitia rangi kwa kompyuta ili ziuzike kwa watazamaji wapya. Hata Casablanca haikusalimika. Mwongozaji John Huston alipinga hadharani alipoona The Maltese Falcon yake imepakwa. Alifariki 1987, na televisheni moja ya Ufaransa ilipotaka kuonyesha The Asphalt Jungle yake ikiwa na rangi, watoto wake walikwenda mahakamani. Mwaka 1991 mahakama ya juu ya Ufaransa iliwapa haki: mtunzi ana heshima yake juu ya kazi yake, hata kama mkanda ni mali ya mwingine. Ukikuta jalada linajisifu kwa neno la rangi kwenye sinema ya 1941, weka chini.

Jambo jingine la kuangalia ni toleo. The Big Sleep, ya Humphrey Bogart na Lauren Bacall, ilikamilika mapema 1945, ikaonyeshwa kwa wanajeshi wa Marekani walioko ng'ambo, kisha ikawekwa kando kwa sababu kampuni ilitaka kwanza kumaliza sinema zake za vita. Katika kungoja huko, Bacall alikuwa amepata jina, na wakubwa wakaamua wapige upya sehemu kadhaa ili aonekane zaidi na Bogart. Toleo lililotoka 1946 lina utani na joto zaidi, ila limekata maelezo yaliyofafanua nani kamuua nani. Watu wameumiza vichwa nusu karne, kumbe majibu yalikuwa kwenye toleo la kwanza, lililotolewa kwa umma 1997. Diski nzuri inayo yote mawili. Mimi hupenda la pili, na muuaji simtafuti tena.

Ukiagiza diski kutoka nje, kumbuka mipaka iliyowekwa na wauzaji. DVD ya Marekani ni ya kanda namba 1, na Kenya tumewekwa namba 5. Kwa Blu-ray Marekani ni A na sisi ni B. Mashine nyingi za bei nafuu hapa kwetu hazibagui DVD, lakini Blu-ray ni wakali. DVD za Uingereza zinafuata mfumo wa PAL kama televisheni zetu zilivyokuwa, na huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24. Kwa hiyo sinema ya dakika 100 inaisha kwa 96, na sauti za watu zinapanda kidogo. Hujaibiwa, imekimbizwa tu.

Na tafadhali, usiivute picha ijaze kioo chote. Sinema za kabla ya 1953 karibu zote zilikuwa na umbo la kukaribia mraba. Ile michirizi myeusi ya kulia na kushoto ni haki yake. Ukiivuta, Bogart anakuwa mnene kama gunia.

Nirudi kwa kijana wangu. Mwaka 2018 hifadhi ya Academy mjini Los Angeles, pamoja na The Film Foundation aliyoianzisha Martin Scorsese, waliitengeneza upya Detour. Nakala nzuri ilipatikana Ubelgiji, lakini ilikuwa na tafsiri ya Kifaransa na Kiflemi iliyochapwa juu ya picha yenyewe, ikabidi maandishi yale yafutwe kwa kompyuta. Diski yake ilitoka 2019 kwa Criterion. Nilimwita nyumbani baada ya Isha, nikazima taa. Haifiki dakika 70. Safari hii hakunyanyuka.

Mpiga piano wa New York hana nauli, anaomba lifti kwenda Los Angeles kumfuata mchumba wake, mwenye gari anamfia njiani, naye badala ya kuita polisi anachukua gari, nguo na jina la marehemu. Tulipofika mahali anapoomba lifti, kijana akanishika mkono. "Ami, simamisha. Wamarekani zamani walikuwa wakiendesha upande wetu?" Nikarudisha nyuma. Kweli, magari yanapita kushoto, na jamaa anaingia gari kwa mlango ambao Marekani ni wa dereva. Mwongozaji, Edgar G. Ulmer, alitaka safari ya kwenda magharibi ionekane ikienda upande mmoja wa kioo, kama inavyokwenda kwenye ramani, kwa hiyo picha hizo ziligeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia. Katika DVD yangu ya zamani hata usukani sikuwahi kuuona.